Nilipompeleka Mzee Kwao Ayalandi

Mzee ninayemtunza hapa Woolwich, London, ana ugonjwa ambao hospitali haina dawa yake: kusifia kwao. Miaka yote niliyomwogesha na kumpikia uji, nimesikia habari za kijiji chake cha Ayalandi hadi nikakijua kuliko mtaa wangu. Siagi ya huko, mvua ya huko, mnara wa mawe uliojengwa na watawa kabla Waingereza hawajajua kusoma. Hayo ni maneno yake, mimi sina ugomvi na mtu. "Nikifika pale," husema, "hata mbwa watanijua." Aliondoka akiwa kijana na hakuwahi kurudi.

Mwaka huu binti yake alichoka kusikiliza, akatukatia tiketi. Tulipokuwa uwanja wa ndege, mzee akijifanya anatafuta miwani, ndipo aliponinong'oneza: je, kama hakuna atakayenikumbuka? Nilimwambia aache wasiwasi. Kwa upande wangu nilikuwa nimejiandaa kama Mkenya yeyote: huendi kwa watu mikono mitupu, kwa hiyo sanduku langu lilijaa sukari, majani ya chai na mkate. Sikuwa nimeuliza kama hao watu wapo.

Hawakuwapo. Nyumba yao ilibaki kuta tatu na ng'ombe mmoja, aliyetutazama kama wavamizi. Tukaenda dukani, mzee akajitambulisha kwa mama mwenye duka, akataja jina la baba, la babu, na la farasi wa babu.

"Karibuni sana," mama yule akasema kwa adabu. "Kumbe mmetoka London? Mnaonaje huku kwetu?"

Kisha akaiona bangili yangu ya shanga yenye bendera ya Kenya, akapiga makofi. Shangazi yake alikuwa mtawa Turkana! Alikataa nilipie maji niliyochukua. Nikamwachia ile sukari na vingine vyote, naye akaviweka kwenye kaunta kwa mshangao, karibu na sukari anayouza.

Mzee alikuwa amenuna tayari. Tulikwenda kuuona mnara, na lazima niseme ukweli, mnara upo: mrefu, mwembamba, mlango wake uko juu ya ardhi, ambako hufiki bila ngazi. Watalii wawili walikuwa wakiupiga picha. Mzee hakuutazama. Alizunguka makaburini akitafuta ukoo wake kwenye mawe ambayo mvua yake ile anayoisifu ilikuwa imeyafuta majina.

Kwenye benchi aliketi bikizee wa rika lake, msalaba shingoni. Aliponiona na bangili yangu alisimama upesi.

"Hujambo, mama! Habari za nyumbani?"

Alikuwa sista wa Kiayalandi, amefundisha Kitui mpaka akastaafu, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi kila silabi. Alinikumbatia, akauliza kama mvua zimenyesha Ukambani. Mimi ambaye sijakanyaga nyumbani tangu mwanangu azaliwe nikamjibu kwamba zimenyesha vizuri.

Mzee akasogea, akakohoa, akasimama wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Sista akamtazama kwa upole, kisha akanigeukia.

"Na huyu mgeni wako, ametoka wapi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Niliumia. Nilijiona mimi mwenyewe, uzeeni, nimesimama hivyo hivyo kwenye stendi ya kwetu, nikimtajia mwenye kibanda jina la baba yangu.

"Amesema nini?" mzee akaniuliza kwa Kiingereza.

"Amesema sura yako si ngeni, mzee. Amesema una macho ya mama yako."

Nilikuwa nimesahau kwamba Kiingereza ni lugha ya sista kuliko ilivyo yangu. Alinikazia macho. Halafu akamshika mzee mkono.

"Kabisa," akamwambia, bila hata kupepesa. "Macho ya mama yako."