Nirudishie Marahaba Yangu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Singida Mjini. Mbele yangu alisimama bibi aliyetoka Ilongero kwa bodaboda, kitenge kimejaa vumbi. Binti wa dirishani akamwamkia vizuri tu, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Kisha bibi, kama tulivyolelewa huku, akaanza kumjulia hali. Wazazi wazima? Kwenu mvua imenyesha? Mtama je?

"Bibi, unaniboa bwana. Lete fomu."

Foleni nzima ikamgeukia binti. Nilihisi nimezabwa kofi mimi. Neno lenyewe tunalirusha kila siku: umeme unaboa, mtandao unaboa, timu inaboa. Lakini kumwambia bibi mwenye mvi, tena usoni pake!

Bibi hakufoka. Alinyoosha kiganja dirishani, kama anayesubiri chenji. "Nirudishie marahaba yangu."

Binti akainuka, akazunguka meza, akapiga goti. "Shikamoo bibi." Bibi akamtazama tu.

Sikungoja mwisho. Niliacha foleni, nikampigia mama. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa akinisimulia habari za kuku wake, nikamkatiza: "Mama, unaboa."

"Shikamoo mama," nikasema alipopokea simu, nikasubiri. Sijawahi kusubiri marahaba namna ile.