Kifurushi cha Raymundi wa Mizinga

Kwa miaka kumi na minne Adelina alinunua asali na nta katika vijiji vya Ipole, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki. Kwa hiyo Posta ilipoipa kampuni moja ya Tabora kazi ya kufikisha vifurushi vijijini, na kampuni nayo ikatafuta waendesha pikipiki, alikwenda kuomba bila wasiwasi. Njia zile nani angemfundisha?

Wakampa majaribio ya mwezi mmoja. Siku ya tano aliona kifurushi kirefu kimewekwa kando.

"Hicho kinarudi Dar kesho," alisema Emilian, kijana msimamizi wa stoo. "Wenzako wawili wameshindwa. Simu haipatikani, na anwani ni hiyo tu: Raymundi wa Mizinga, Ipole. Sasa mama, Ipole nani hana mizinga?"

Adelina akasoma jina la mtumaji: karakana ya viungo bandia. Akakumbuka. Raymundi mmoja alianguka mtini mwaka juzi akitundika mzinga, akakatwa mguu, na tangu hapo hakuonekana tena gulioni.

"Nipe mimi."

"Mama, kisipofika leo, lawama ni yako. Na bado uko kwenye majaribio."

"Nimekuelewa. Nipe."

Huko Ipole aliambiwa Raymundi amehamia kwa dada yake, Martha, ng'ambo ya mbuga. Mvua za Machi zilikuwa zimelijaza maji bonde lote la mbuga hiyo. Adelina akaiacha pikipiki kwenye nyumba ya mwisho, akakizungushia kifurushi turubai, akajitwika kichwani, akaingia majini. Maji yalimfika kiunoni. Tope likamng'ang'ania mguu, akauvuta, akasonga.

Ng'ambo alimkuta Martha akichuma tumbaku.

"Shikamoo dada. Namtafuta Raymundi."

"Marahaba. Ni mdogo wangu. Kuna nini?"

"Mguu wake umefika."

Martha akayatupa majani, akatangulia mbio huku akimwita mdogo wake kwa Kinyamwezi.

Raymundi alikuwa mlangoni anasokota kamba. Akafungua boksi, akautoa mguu. Akafunga mikanda mmoja mmoja kama alivyofundishwa hospitali, akashika bega la dada yake, akainuka. Kisha akaliachia. Hatua moja. Ya pili. Akayumba, Martha akanyoosha mikono, lakini Raymundi akamkatalia kwa kichwa, akapiga ya tatu, akaendelea mpaka jikoni. Martha akapiga vigelegele, na Adelina, tope likimchuruzika, akajikuta anavipokea.

"Lete karatasi yako nitie saini," Raymundi alisema. Adelina akamsogezea kigoda.

"Kukaa nimeshakaa vya kutosha," Raymundi akajibu, akasaini wima, karatasi ameiegemeza ukutani.

Mwezi ulipokwisha, kampuni ilimpa Adelina njia yote ya Sikonge hadi Ipole, kwa mkataba wenye jina lake kamili. Alisaini, akaenda moja kwa moja mgahawani kwa rafiki yake Kuluthumu, akaagiza chai na sambusa za meza nzima, kisha akasimama katikati ya watu kuwaonyesha jinsi Raymundi alivyotembea.