Ndoo Mbili za Maji Katika Tanuri la Mama

Nilimwaga ndoo mbili za maji ndani ya tanuri la mkate likiwa bado jekundu. Naanza na hilo, mwanangu, usije ukalisikia kwanza kwa watu wa mtaa wetu wa Gudele, ambao husimulia kwamba zilikuwa ndoo nne. Najua nina miaka kumi na saba, na ndevu zangu ni tatu, kila udevu una jina lake. Lakini aliyetumbukia shimoni ana haki ya kuonyesha lilipo, hata kama bado anavaa sare ya shule. Kwa hiyo kaa, uniite mzee kwa muda mfupi, tumalize.

Tanuri lile mama alijengewa na fundi, Mzee Wani, mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, kwa matofali na udongo wa kichuguu, wakati kila mtu Juba alikuwa anataka mkate, bendera na simu mpya. Sisi tulikuwa tumetoka Busia na gunia moja la unga na matumaini mengi. Kisha vita vikarudi. Malori ya kuni yakawa yanakuja yanapopenda, na mama akawa analitazama rundo la kuni kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Pale kwetu kulikuwa na desturi. Trei ya mwisho ya mkate ikitoka asubuhi, majirani walileta sufuria zao za maharage, wakazisukuma ndani ziive kwa joto lililobaki. Mama hakudai kitu. Ila mkono mtupu haulambwi: kila mmoja alikuja na kipande cha ukuni kwapani, akakitupa kwenye rundo letu, akaenda zake.

Mwalimu wetu wa fizikia alitupa kazi: mchague kiwanda kidogo, mpime kinachoingia na kinachotoka, mseme nishati inapotelea wapi. Wenzangu walikwenda kwa mafundi wa madirisha. Mimi nikaona kiwanda ninacho nyumbani. Wiki nzima nilipima kuni kwa mizani niliyoazima kwa muuza nyama, nikahesabu mikate, nikagundua kwamba mkate ukishatoka, moto unaendelea kuwaka kana kwamba hakuna aliyeuambia kazi imekwisha. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: HASARA. Nilijiona mhandisi, mwanangu. Kipya kinyemi, hata kikiwa ni upumbavu.

Siku mama alipokwenda soko la Malakia kununua unga na hamira, nikaamua kuokoa vile vigogo vilivyokuwa havijaisha kuungua. Wa kwanza kufika na sufuria alikuwa Mama Keji, jirani yetu mwenye watoto watano, ambaye mumewe aliondoka na askari vita vilipoanza na hajaleta habari hadi leo. Nikamwambia huduma imefungwa kwa sababu za kisayansi. Wenzake nyuma wakacheka. Yeye akanitazama kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko matusi.

“Ya wele,” akaniambia, jinsi wanavyoita kijana hapa, “watoto yangu watakula sayansi?”

Niliinua ndoo. Nilimwaga.

Tanuri likapasuka. Mlio mmoja, mkavu, kama risasi. Na mwaka ule, Juba, hakuna aliyeuliza ni nini. Wote walilala chini. Mama Keji alimfunika mtoto wake mdogo kwa mwili, maharage yakatapakaa vumbini. Mimi peke yangu nilibaki nimesimama na ndoo, mvuke umenizunguka. Nilizoea kuchekesha watu. Siku ile niliwaona wakiinuka mmoja mmoja, wakijipapasa, na hakuna aliyecheka.

Mama alikuwa amefika kwenye kona ya mtaa wetu. Aliruka kutoka kwenye bodaboda, akauacha unga njiani, akaja mbio na kiatu kimoja. Alinishika kichwa, masikio, mikono, akinipekua kama mfuko. Kisha akauona ufa, mpana wa kuingiza vidole, kutoka mdomo wa tanuri hadi mgongoni. Akakaa chini. Hakusema neno, si siku ile wala kesho yake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na ukimya.

Mzee Wani alikuja, akaingiza mkono kwenye ufa. Nikamwonyesha daftari, nikidhani litanitetea. Akalisoma lote, taratibu, hata jalada.

“Wewe iko na kipimo ya kuni,” akasema. “Kipimo ya watu iko wapi?”

Ndipo nilipokumbuka kwamba nilipima kila ukuni tulionunua, wala sikupima hata kimoja kati ya vile vipande vilivyokuja kwapani mwa majirani. Na malori yalipokosekana, vile ndivyo vilivyokuwa vikiwasha moto wetu wa alfajiri.

Siku nne tulikanda udongo bila kuoka mkate. Kwa mara ya kwanza nilitazama bila haraka. Mlango wa bati ulikuwa haufungi sawasawa, joto likitokea pembeni. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukihangaika kukausha maji badala ya kuoka. Tukatengeneza mlango mzito wa pipa na udongo, tukawa tunakausha kuni za kesho juu ya tanuri la leo. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku mbili sasa unagusa siku ya tatu, na sufuria zilirudi zote.

Basi nasaha yangu ni hii: pima, mwanangu, pima kila kitu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Lakini kabla hujaandika hasara, uliza nani anakula hapo. Ziba ufa kabla ya kuzima moto. Na ukiwa na ndoo mkononi, ngoja mama arudi sokoni. Mungu akupe moto unaotosha mkate wako na chungu cha jirani.

Mkate wa kwanza ulipotoka, mama aliumega. Kipande cha kwanza akampa Mama Keji, cha pili akanipa mimi. Ndipo akasema:

“Niliposikia ule mlio nilimwomba Mungu kiwe kitu, asiwe mtu. Akanipa tanuri lenye ufa na mtoto mzima. Kula.”