Ndege ya Jumatano

Mama alifariki Jumanne jioni, mwaka wa pili tangu ndege ya abiria ianze kutua Dar es Salaam. Nilikuwa binti wa miaka tisa hivi. Nyumba yetu ya Kariakoo, ya udongo na bati, ilijaa moshi wa ubani hadi macho yakaniwasha. Sikulia. Nilikaa mkekani nikisikiliza wanawake wakisoma, na mbuzi wa jirani wakijikuna ukutani.

Kaka Salum, mzaliwa wa kwanza, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja Nairobi. Siku chache kabla, alituma salamu kwa msafiri kwamba bwana wake anahamia Dar es Salaam, na atakuja kwa ndege Jumatano. Safari ile kwa kawaida ilikuwa garimoshi hadi Mombasa, kisha kungoja meli, na wiki iliweza kuisha mtu bado yuko njiani. Ndege iliondoka watu wakinywa chai, ikafika adhuhuri. Imamu alitaka tuzike asubuhi. Alimwambia baba kwa upole kwamba maiti hangojwi. Baba hakubishana. Aliomba tu mwanawe auone uso wa mama yake. Aliyemaliza shauri ni Mzee Kapela, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo, ambaye ujanani alibeba mizigo ya safari za wazungu. Alikuwa akitimiza utani wake wa msibani, akisema mwanamke huyu alichelewesha mchuzi maisha yake yote, sasa anachelewesha hata kaburi. Wanawake walicheka huku wakifuta machozi. Lakini baba alipomuuliza, alijibu bila mzaha.

"Mzungu haendi mahali bila mpishi wake. Bwana akifika, Salum amefika."

Sote tuliamini, kwa kuwa ndivyo safari zilivyokuwa: mpishi hutangulia, bwana hukuta maji yanachemka. Mama akaoshwa, akavikwa sanda, uso ukaachwa wazi. Jua likapanda juu ya bati. Shangazi aliongeza ubani, akaongeza tena, ingawa wahenga walishasema la kuvunda halina ubani. Adhuhuri ndege ilipita juu ya mtaa. Mzee Kapela, aliyekwenda kiwanjani kumpokea kaka, alirudi peke yake, akachuchumaa karibu na baba.

"Mzungu ameshuka," alisema. "Ana mkoba mmoja."

Uso ukafunikwa. Alasiri wakamzika.

Kaka alifika Jumatatu kwa meli, pamoja na masanduku ya bwana wake. Aliingia uani akimtania Mzee Kapela, hajui lolote. Baba ndiye aliyemwambia. Kaka aliuliza tulizika saa ngapi, kisha akasema kwamba saa ile alikuwa bado Nairobi, akifunga sahani kwa magazeti. Hatukumweleza kwamba tulimngoja.

Siku hizi Nairobi kwa ndege ni saa moja na kidogo, na mpishi hukaa kiti sawa na cha bwana. Kaka alipofariki mwaka jana, mwanawe anayeishi huko alipigiwa simu alfajiri, akaingia mlangoni maji ya kumwoshea baba yake yakiwa bado jikoni. Alimwona uso. Vijana wakaniuliza kama kuna mwingine wa kungojwa. Nikasema hayupo. Jeneza likatoka.