Gari Linakimbia, Geti Halifunguki

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza chini ya jua hili. Nilitoka kwetu Kalimoni na darasa la nne na shati moja. Nikajifunza kuchomelea chuma kwa macho tu, kwa kusimama nyuma ya fundi aliyekuwa akinifukuza kila siku, na nilipotimiza miaka arobaini nilikuwa na karakana yangu Thika, mashine tatu za welding na pikapu. Nusu ya mageti unayoyaona ukiingia mjini yamepita mkononi mwangu. Nimeona mteja akilia, nimeona mteja akiruka ua, nimeona benki ikija na tabasamu na kurudi na dalali. Kwa hiyo kompyuta haikunishangaza. Ilinikasirisha tu, na hasira hiyo haijaisha.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Kamati ya watu walionunua ploti pamoja Ngoingwa ilitaka mageti kumi na manane, yote ya sura moja. Kwa kazi hiyo ningeezeka nyumba yangu ya mawe, iliyokuwa imekaa miaka miwili bila paa, na mama watoto akiipita kila asubuhi bila kusema neno. Mwanamke akisema, unajua pa kujibu. Akinyamaza, utajibu nini?

Bei tulishapatana. Iliyobaki ilikuwa roho ya mwenyekiti wao, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuuliza swali halafu kuuliza swali juu ya jibu. Kuna fundi aliyewahi kumuuzia geti lililofunguka likagonga gari la mwalimu mwenyewe. Kwa hiyo akatangaza: "Kazi nitampa yule atakayenionyesha geti likizunguka kabla chuma hakijakatwa." Tulikuwa mafundi wawili, mimi na mwingine wa Ruiru, na huyo wa Ruiru alikuwa na kompyuta ya kulichorea.

Hata mimi nilikuwa nayo. Nilimnunulia binti yangu alipomaliza kozi ya kuchora ramani za nyumba. Akalichora geti vizuri, bawaba kwa bawaba. Lakini alipojaribu kulizungusha likaruka, likasimama, likaruka tena, kama pikapu iliyowekewa petroli yenye maji.

"Baba, tunahitaji kadi," akasema.

"Ya harusi ama ya mazishi?"

"Ya grafiki. Inachomekwa ndani. Ndiyo inayochora picha kwenye skrini."

"Na hii iliyomo inafanya nini?"

"Inajaribu."

Akataka twende dukani pamoja. Nikamwambia abaki. Mimi nimenunua vyuma tangu yeye hajazaliwa, sihitaji mtu wa kunishika mkono dukani.

Duka la kwanza lilikuwa hapo hapo Thika. Muuzaji akanitolea kadi ndogo, upana wa mkate uliokatwa nusu. Shilingi elfu tisa na mia nane.

"Ina meg ngapi?" Binti alikuwa ameniambia meg ndiyo nafasi ya kadi kuwekea picha.

"Nane, mzee."

"Na kasi?"

"Ya kutosha."

Mtu akiniambia ya kutosha, mimi hutoka dukani. Nikamwambia nakwenda kuuliza Ruiru, nikawasha pikapu. Huko nikampata kijana aliyevaa kofia kisogoni, na kadi ndefu iliyojaa vidude vyeusi. Nikamtajia ile ya Thika.

"Hii ni meg kumi na mbili, mkubwa. Na chipu tatu. Hiyo ya Thika ina chipu ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Moja. Sasa wewe ungeoa mmoja ama watatu?"

"Nina mmoja, na ananitosha."

Akacheka, akafungua mchezo wa mashindano ya magari. Nasema ukweli, lile gari lilikuwa likipaa. Vumbi likitoka nyuma ya magurudumu, jua likimeta kwenye kioo, kona linaikata bila kusita. Nikajiambia: geti ni nini? Ni fremu na bawaba.

"Kama inaweza kukimbiza gari hivyo, itashindwa kufungua geti?"

"Hata geti la jela, mkubwa."

Elfu kumi na nne na mia tano. Nikalipa nikiwa nimesimama.

Binti aliisoma karatasi ya ndani ya boksi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaichomeka. Nyuma ya kompyuta akaunganisha waya mfupi kutoka kadi ya zamani hadi hii mpya. Akalizungusha geti. Likaruka, likasimama, likaruka tena.

"Hii haiwezi kukaa peke yake, Baba. Picha za kawaida bado zinachorwa na ile ya zamani. Hii hulala mpaka mchezo wa magari ufunguliwe. Hapo inaamka, na hakuna inayoishinda. Mchezo ukiisha inalala tena. Programu yangu ya kuchora haijui kuiamsha."

"Na meg zote kumi na mbili?"

"Nne ndizo za picha. Nane ni za kuivalisha picha ngozi, kama lami na majani. Geti langu ni mistari, halivai ngozi. Ile ya Thika, nane zake zinafanya kazi yoyote utakayoipa."

"Kwa hiyo nimeajiri dereva wa mashindano."

"Asiyefungua geti."

Hapo ndipo nilipochemka. Katika chuma, kila mtoto wa karakana anajua kwamba bati la geji kumi na nane ni jembamba kuliko la geji kumi na sita. Namba kubwa, mali nyembamba. Wateja nawaeleza hivyo kila wiki mpaka koo linakauka. Nani angeniambia kwamba kompyuta nazo zina geji zake?

Yule kijana wa Ruiru akanionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudi. Tukavutana mpaka wateja wengine wakatoka. Mwishowe akaichukua kwa elfu sita, ati kwa sababu mimi ni kama babake. Na yule wa Thika aliponiona mlangoni hakunisalimia hata. Alisema, "Ruiru kulikuwaje, mzee?" Nikamlipa elfu tisa na mia nane zake, nikabeba kadi.

Jumamosi mwalimu akaja, akavaa miwani, akaketi mbele ya skrini. Geti likazunguka laini kama limepakwa grisi.

"Tena," akasema. Likazunguka tena. "Simamisha hapo. Nyuma."

Sasa, geti lolote hapa kwetu lina maua ya chuma upande wa barabarani tu. Mgongoni ni fremu tupu na komeo. Kadi ya zamani ilikuwa ikikwama kabla ya kufika huko, kwa hiyo hata mimi sikuwa nimeuona mgongo wa geti langu. Binti alikuwa ameweka maua pande zote mbili. Baadaye aliniambia kwamba kwenye kompyuta ni kubonyeza mara moja.

"Maua yako hata ndani," mwalimu akasema polepole. "Miaka yote nimelipia uzuri wa kutazamwa na wapita njia, mimi nikitazama komeo. Na bei ni ile ile?"

Binti akainamia kibodi. Yule fundi wa Ruiru alikuwa na zamu yake ya kuonyesha Jumatatu.

"Ile ile, mwalimu."

Kazi nikapewa. Nyumba nikaiezeka, isipokuwa upande wa jikoni, na mama watoto akaanza kupita jikoni bila kusema neno. Ukiuliza dukani, watakuambia kadi ya grafiki ni elfu tisa na mia nane. Usiwasikilize. Ukijumlisha kadi ya Thika, hasara ya ile ya Ruiru, na maua ya migongo kumi na minane, mimi ilinigharimu shilingi elfu thelathini na nane, mia sita na arobaini.