Upande Wangu wa Sinia

Nianze kwa kukiri, maana nikizunguka nitatoroka kama kawaida yangu. Likizo hii nilikuwa naiba chumvi nyumbani kwetu. Si pakiti nzima. Kidogo kidogo, ya kutosha kikopo cha mafuta ya midomo kilichokuwa kimeisha. Nilikiosha kwa sabuni, nikakianika juu ya ukuta, nikakijaza. Kilikaa kwenye mfuko wa dera langu, na nikitembea nilikuwa nakishika kila mara kuhakikisha kipo, kama mtu aliyebeba funguo za watu.

Tunaishi Kiwanjani, hapa Isiolo. Mama anauza maziwa ya ngamia mjini. Anatoka alfajiri kupokea mitungi inayoletwa na pikapu, anarudi mchana ananuka ule moshi wa kufukizia mitungi ili maziwa yasichache. Baba yuko na ngamia huko upande wa Merti, anakuja akija. Kwa hivyo tulikuwa mimi na Mama tu, mpaka Akoo alipoletwa. Akoo ni nyanya yangu, mama yake Mama. Aliletwa kutoka Merti kwa lori, amekaa mbele na dereva, anamwelekeza njia ambayo dereva anaijua kuliko yeye. Presha yake ilikuwa imepanda mpaka anaona vitu viwili viwili. Alisema aliona mbuzi wake wakiwa mara mbili, na kwa siku moja alifurahi sana.

Kliniki wakasema apunguze chumvi. Mama akapunguza, lakini si ya Akoo peke yake. Sisi tunakula kwa sinia moja. Wali unamwagwa katikati, mchuzi juu, kila mtu anakula upande ulio mbele yake. Huwezi kupika mchuzi mara mbili umwage kwa sinia moja. Mama akasema nyumba nzima itakula kama Akoo.

Mimi siku ya kwanza nilidhani amesahau. Nikauliza polepole, "Mama, niongeze chumvi kidogo?"

"Uongeze wapi?"

"Upande wangu tu."

Akaniangalia. "Mtoto haongezi chumvi kwa chakula cha mamake. Ulimi wako ni wa mbuzi? Kwanza leo ni kidogo, kesho mkono unazoea, ukifika miaka ya Akoo utaanza kumeza vidonge kama karanga."

Mimi hata darasani nikijua jibu nasubiri mwingine aseme. Lakini siku ya tatu ya maharagwe yasiyo na ladha nikatengeneza kikopo changu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mama akinyanyuka kuleta maji, navuta ushungi kama naurekebisha, mkono wa kushoto unatoka mfukoni, unapita juu ya wali mara moja, unarudi. Siku nne hivi Mama hakuona. Siku ya tano nikainua macho nikakuta Akoo ananitazama. Alichukua tonge, lakini hakuchukua upande wake. Mkono wake ulivuka ukaja kwangu, akatafuna taratibu, akafumba macho.

Kwetu kuchota upande wa mwenzako ni tabia mbaya. Mtoto akifanya anapigwa kofi la mkono. Lakini nani atamwambia nyanya yake, "Akoo, huu ni upande wangu"? Mimi siwezi. Hata mwalimu akisahau jina langu namwacha aniite lile alilopata.

Kesho yake Akoo alikuja kukaa karibu nami kabisa, goti kwa goti. Mama alipoenda jikoni, Akoo aliniambia kwa Kiborana, maana Kiswahili hajui, "Intal, leo umechelewa." Intal ni msichana. Ananiita hivyo akitaka kitu.

"Akoo, umekatazwa."

"Mimi nimekatazwa kuongeza. Nimeongeza? Ongeza wewe, mimi nile wali tu." Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Ngamia usipompeleka kwenye maji ya chumvi anakonda ukimwangalia. Na mimi ni mkubwa kuliko ngamia."

Niliongeza. Na kwa sababu sasa tulikuwa wawili, niliongeza zaidi.

Nataka kusema ukweli kuhusu hizo siku. Nilizipenda. Akoo alikuwa mtu wa kwanza kushirikiana nami siri. Tukimaliza kula anaosha mikono anasema kwa sauti ya Mama kusikia, "Chakula cha leo, Alhamdulillahi, kitamu," na Mama anafurahi, anasema umeona, ulimi unazoea. Mimi nakimbia kuosha sinia nisionekane uso. Lakini pia nilikuwa situlii. Nilikuwa naangalia miguu ya Akoo. Ilikuwa inavimba jioni, ukibonyeza kidole kinabaki kishimo. Naangalia, naenda nje, nafagia mahali nimeshafagia, narudi naangalia tena. Najiambia ni joto. Isiolo kila mtu anavimba miguu kwa joto. Halafu mchana ukifika mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Siku ya kurudi kliniki, Mama alikuwa na maziwa, hakuweza kuacha. Akaniambia nimpeleke Akoo na nimtafsirie, maana nesi wa pale ni mama wa kutoka Meru, Kiborana chake ni salamu tu. Tulipofika, nesi alimfunga Akoo kile kitambaa cha kupima presha, akaangalia, akapima tena mkono wa pili.

"Shosho, mbona inapanda badala ya kushuka?" Akanigeukia. "Mwulize, anameza dawa?"

Nikauliza. Akoo akasema anameza. Nikasema anameza.

"Mwulize, anaongeza chumvi kwa chakula?"

Nikauliza. Na sauti yangu ilikuwa ndogo sana, kwa sababu nilikuwa namwuliza Akoo swali ambalo jibu lake lilikuwa mfukoni mwangu. Akoo alinyoosha mgongo. Akasema, "Mwambie sijaongeza hata punje moja. Wallahi."

Nikatafsiri neno kwa neno. "Anasema hajaongeza hata punje moja."

Hapakuwa na uwongo hapo, hata mmoja. Nesi alikuwa anangoja kama kuna la zaidi, ameinua kalamu. Ningeweza kusema. Nilisoma bango la chanjo ukutani kutoka juu mpaka chini, nikaanza tena juu.

"Basi chakula si shida," akasema. "Tuongeze dawa." Akaandika kidonge cha pili.

Tulirudi tukitembea polepole, Akoo amenishika bega. Alikuwa ananisifu. "Umejibu vizuri. Wewe unafaa kuwa wakili." Nilitaka kukimbia nimwache njiani.

Sasa, ni nani asingetarajia niache siku hiyo? Hata mimi nilitarajia. Mchana wake nilikaa na kikopo sikukitoa. Akoo akanigonga na goti. Mara ya pili. Mara ya tatu akasema, mbele ya Mama kabisa, "Huyu mtoto leo amekuwa bahili," na Mama akauliza bahili wa nini, na mimi kwa woga nikamwaga alipoinama kuchukua kikombe. Aibu ndiyo iliyomwaga. Sijui kama mtu anaweza kuelewa hilo. Sikuwa nataka hata ile chumvi.

Siku ya nne ya kile kidonge kipya, Akoo alikuwa anaswali adhuhuri chumbani, Mama bado yuko sokoni. Mimi nilikuwa napanga sahani. Nikasikia kitu kizito, kama gunia limetupwa. Alikuwa ameanguka akinyanyuka kutoka kusujudu, kichwa kimegonga mguu wa kitanda. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuniangalia mimi, yaliangalia mahali nyuma yangu. Nikamwita. Nikamwita tena kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka jirani akaruka ua. Tulimlaza, tukamwekea maji usoni. Alipojua yuko wapi aliuliza, "Mmewatoa mbuzi?" Hatuna mbuzi hapa.

Mama alifika akakaa chini karibu naye. Akaanza kujiuliza kwa sauti. "Nimekosea wapi? Chumvi nimetoa. Mafuta nimetoa. Ni hicho kidonge? Kesho nitaenda kumwambia nesi amwongeze kingine, hiki ni kibaya, hakisaidii."

Aliposema kingine, mwili wangu ulisimama kabla yangu. Niliingiza mkono mfukoni nikaweka kikopo kwenye mkeka, mbele ya magoti yake. Mama akakifungua, akachovya kidole, akaonja.

"Ni ya nani?"

"Yangu."

"Inahusiana vipi na haya?"

Nikamwonyesha kwa mkono: hapa mimi, hapa Akoo, goti kwa goti. Nikachora duara ya sinia kwenye mkeka, nikapitisha kidole kutoka upande wa Akoo mpaka wangu. Mama aliangalia kile kidole muda mrefu. Nilingoja kofi. Akasema tu, "Tangu lini?"

"Mimi, tangu wiki ile ulipotoa chumvi. Yeye, siku chache baadaye."

Akoo, amelala macho yamefungwa, akasema, "Mwache. Mimi ndiye niliyeenda kwake."

"Nyamaza, Aya," Mama akasema, na alikuwa analia. Aya ndivyo anavyomwita mamake.

Asubuhi hakuenda kupokea maziwa. Tulienda kliniki wote watatu, na Mama akanisukuma mbele. "Sema mwenyewe, kwa mdomo ule ule." Nikamwambia nesi. Alinikaripia vizuri, watu kwenye benchi wakisikia, kisha akampima Akoo amelala, akampima amesimama, akatoa kile kidonge cha pili, maana kilikuwa kinamshusha presha ghafla akisimama, na kusema tuanze upya bila chumvi, lakini kweli sasa, na turudi baada ya wiki.

Ni siku ya sita leo tangu kliniki. Akoo anakula kwa sahani yake peke yake, na hilo limemuumiza kuliko kuanguka. Anasema sahani ya peke yake ni ya mgonjwa au ya mgeni, na yeye anaulizia lori la Merti linatoka lini. Miguu imepungua. Hanisemeshi sana.

Jambo ambalo sikutarajia ni la Mama. Jana aliweka kikombe kidogo cha chumvi kwenye mkeka, wazi, mbele yangu. "Nesi amesema mtoto akinyimwa kabisa anaificha. Haya. Ongeza nikiona." Kisha akaniuliza, "Ningekuachia hivi kutoka mwanzo, ungefanya ulivyofanya?"

Jana nilimwambia sijui, na ni kweli.

Leo tumekula maharagwe. Kikombe kiko hapo. Nilichukua chumvi kidogo kwa vidole viwili nikaiinua, nikaona Akoo ameacha kutafuna. Anaangalia vidole vyangu, si uso wangu. Mama anaangalia Akoo.

"Weka basi," Akoo akasema, mara ya kwanza leo kunisemesha. "Mimi naangalia tu. Kuangalia pia wamekataza?"

Vidole vilianza kuuma. Nikarudisha ile chumvi kwenye kikombe, nikapangusa mkono kwenye dera, nikala maharagwe jinsi yalivyo. Akoo akaguna. Halafu akavuta sahani yake juu ya mkeka, polepole, mpaka ikagusa sinia.