Mtamba wa Mama Aliyekwenda Tarime

Tulitoka Machochwe kwa sababu mama alikuwa ameishiwa na mahali pazima mwilini. Magoti yalimuuma, kifua kilimbana, macho yaliingia ukungu, na mgongo nao ukaona haya kubaki nyuma. Mimi Robi, bintiye wa pekee, nilikuwa nimeolewa mbali, Itiryo. Nikaja kumchukua nimpeleke Tarime kwenye dawa za Kizungu. Tukaswaga mbuzi watatu na mtamba mmoja wa ng'ombe.

Mtamba huyo ndiye aliyetugombanisha. Kwetu Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa msichana kwa ng'ombe wake, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba yake. Mama alikuwa amemposa Bhoke, msichana wa Itiryo, na mahari ilibakia mtamba huyo tu. Mimi nikasema tupite naye kwanza Tarime, huenda dawa ikamhitaji. Mama akanuna njia nzima.

Tulipokwisha kuvuka Mto Mara, tukafika kwa mganga mwenye sifa zake. Alimtazama mama kidogo, mbuzi sana.

"Kifua hiki kinataka mbuzi."

"Na magoti?" nikauliza.

"Magoti ni kazi nyingine. Mbuzi mwingine."

Macho yake yakamwangukia mbuzi wa tatu, na papo hapo akagundua kwamba mama ana ini bovu. Loo, elimu hiyo! Mama hakuwahi kulalamikia ini tangu azaliwe.

Itiryo tulilala kwangu. Mama aliitapika dawa ya kifua, ya magoti na ya ini, zote pamoja bila upendeleo.

Tarime tulifika jua likiwa kali. Tukaelekezwa kwa bwana mmoja aliyewahi kuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, sasa ana chumba chake nyuma ya duka na koti jeupe kuliko la daktari.

"Shikamoo, mama. Maradhi haya yote dawa yake ni sindano. Kila wiki moja."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka tuone."

Alikuwa anamwona mtamba wetu mlangoni. "Huyo atatosha kwa kuanzia," akasema kwa huruma kubwa.

Nikashika kamba. "Mama, mtoe. Ukifa, Bhoke atamtunza nani?"

Mama akaikamata kamba hiyo hiyo kwa vidole vyake vilivyovimba. "Robi, sindano itanipikia uji?"

"Nitakupikia mimi!"

"Kutoka Itiryo?"

Nilikasirika, nikaiachia kamba. Bwana dresa akatutakia safari njema, ushauri huo akautoa bure.

Kurudi, tulimkabidhi mtamba kwa baba yake Bhoke. Akamkagua meno, miguu na mkia kwa umakini ambao hakuna mganga aliyempa mama. Akaridhika. Bhoke akajitwika mzigo wetu tukaondoka naye.

Asubuhi ya kwanza Machochwe nilisikia mama akiita kwa uchungu. Nikakurupuka. Bhoke alikuwa keshafika, anamkanda magoti kwa kitambaa cha maji moto, na mama analia, maana magoti yalikuwa yale yale. Lakini mkono wa Bhoke hakuuachia. Ndipo nikajua kwamba maumivu alikuwa keshayazoea. Kilichomtisha ni kuita na asiitikiwe. Nikatoka nje, nikalia kwa wivu, maana aliyeitikia hakuwa mimi.